Tabaka Tatu za Matete

Zuhura mwanangu,

Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho bandarini atakuambia ya nne: pesa umeshonea wapi, melini ukae upande gani, Kigoma ukifika umtafute nani, sala usiache. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa karakana, alasiri imepita, soko la Jabe linafungwa haraka haraka watu wawahi kufika makwao kabla ya saa ya kutotoka nje, na ninaandika kwenye karatasi ninazochorea vitanda. Ukiona vipimo vya kitanda upande wa pili, usivijali.

Nina jambo moja, na nimelikwepa miaka sita. Vita hii imenikimbiza mara mbili, lakini sikuikimbia kwa bidii kama nilivyolikimbia jambo hili. Ile miti yako ya Gihosha hukuiua wewe. Niliiua mimi. Niliiua kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, kisha nikakuacha uamini kwamba ni mikono yako.

Sasa kaa chini usome, maana nitaanzia mbali.

Unakikumbuka kitalu cha Kibenga? Ulikuwa mdogo, unachezea viriba vitupu vya miche pale karibu na ziwa. Mimi ni seremala, mtoto wa seremala, na mbao ya libuyu, ule mti mwekundu wa pori la Kongo, nimeipiga randa tangu sijaota ndevu. Kila mwaka ilikuwa inakuja haba zaidi kutoka Kongo, na kila mwaka mbao zilikuwa nyembamba zaidi. Nikajiambia, watu waliomaliza miti hii si watu wenye mikono kuliko mimi, basi na mimi naweza kuiotesha. Mama Furaha, yule mchuuzi wa Uvira aliyekuwa anatuletea mawese, akaniletea mbegu ndani ya mfuko wa chumvi. Kila mbegu ina bawa lake. Nikazipanda, zikaota vizuri, nikatamba mtaani wiki mbili. Kisha zikafa zote.

Mama Furaha alipoona matuta yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, weye unaanika mutoto wa pori kwa jua sawa ndagala? Huyu kule kwetu anazaliwa chini ya miti mikubwa. Jua hajaijua. Mufunike!"

Nikaifunika. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo, sikufunika kwa kubahatisha. Nilitengeneza matuta manne. La kwanza niliacha wazi. La pili nikaliwekea juu mkeka mmoja wa matete, la tatu mikeka miwili, la nne mitatu. Kila Ijumaa nilipima, nikaandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Urefu nilipima kwa rula. Unene wa shina nilipima kwa uzi, chini kabisa pale linapotoka udongoni. Mwanga sikuwa na chombo cha kuupimia, kwa hiyo nilitumia mkono. Unauweka mkono juu ya tuta, unatazama kivuli chake. Chini ya tabaka moja unaona kila kidole. Chini ya mbili unaona mkono tu. Chini ya tatu huoni kitu, unajua una mkono kwa sababu ni wako.

Katika tuta la wazi, miche ilidumaa, majani ya njano yameungua kingo. Chini ya tabaka moja ilijikokota. Chini ya mbili ndiko ilikoupenda utoto wake. Lakini chini ya tatu, Zuhura, chini ya tatu kulikuwa na uongo mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Miche ile ilirefuka kupita yote. Majani mapana, laini, kijani kilichoiva. Kila mgeni aliyeingia kitaluni alikwenda moja kwa moja kwenye tuta lile akasema mashallah. Ukishika shina chini, jembamba kama njiti ya kiberiti. Ukiung'oa, mzizi mfupi, mwembamba, hauna nywele. Mche ulio gizani unatumia kila ulicho nacho kuufuata mwanga juu, haubakizi cha kujengea mwili. Siku ukiutoa juani, unakufa ukiwa mrefu.

Nilitumia misimu mitatu kuijua njia yenyewe. Unaanza na tabaka mbili. Majani sita yakitimia, unatoa moja. Ukibakiza mwezi na nusu kupanda, unaanza kuondoa ile ya mwisho, kwanza asubuhi tu, kisha asubuhi na jioni, kisha siku nzima. Jua linaingizwa kidogo kidogo mpaka mche ulizoee. Muvula, ule wanaouita mvule huko uendako, una haraka, unataka mwanga mapema. Libuyu hataki kuharakishwa. Haya hayakuwa kwenye kitabu chochote nilichokijua. Yalikuwa kwenye daftari langu.

Sasa Agronomu, yule bwana shamba. Nitamwita hivyo, jina lake siliweki kwenye karatasi yangu. Alikuwa anakuja kitaluni kila Ijumaa baada ya kazi za ofisini kwake, anakula kwetu, wewe unamwita Tonton, mjomba, na kumvua kofia ukakimbia nayo. Alikuwa rafiki yangu. Asubuhi ile risasi zilipoingia mtaani kwetu na tukaamua kuvuka kwenda Uvira na kile tulichoweza kubeba, funguo za kitalu nilimpa yeye, mkononi.

"Enda, Hamisi," akaniambia. "Miche yako ni miche yangu."

Hapo hakudanganya hata kidogo.

Tulikaa Uvira mwaka na zaidi. Vita ilipoanza upande ule pia, tukarudi. Siku ya tatu nilikuchukua tukaenda Kibenga. Ulikuwa na miaka tisa, umenishika kidole kidogo. Geti lilikuwa jipya, limepakwa rangi, lina kibao chenye jina la mradi nisioujua, na askari. Nikamwambia askari, kitalu hiki changu, muulize Agronomu. Agronomu mwenyewe akatokea ndani na gari. Akashusha kioo. Akanitazama usoni, akakutazama na wewe.

"Mi simujui huyu mutu," akamwambia askari. "Umuondoe."

Gari likapita. Nawe ukaniuliza, "Baba, Tonton ametusahau?"

Mtu akikuibia shamba, umeibiwa shamba. Lakini yule alinifuta mbele ya mtoto wangu. Kumshtaki? Wapi, na nani, wakati ule? Aliyekimbia alihesabiwa amekufa, na aliyekufa hana kitalu. Tukarudi Gihosha kwa dada ya mama yako, chumba kimoja. Njia nzima nilikuwa napanga. Nilijua atanihitaji, kwa sababu alichukua ardhi, akachukua matuta, akachukua mbegu, lakini daftari la bluu nilikuwa nalo mimi. Nililibeba Uvira tumboni, chini ya shati, wakati mama yako analia kwamba nimeacha sufuria.

Nilisubiri miaka miwili. Akaja hapa karakana na tabasamu lake.

"Hamisi, ndugu yangu! Zile siku zilikuwa mubaya, weye unajua. Kila mutu alikuwa na woga."

"Najua, chef," nikamjibu, kama mtu anavyomwita mkubwa wake.

"Ile libuyu inanikatalia. Inaungua yote. Wageni ba mradi bako bananiuliza kila mwezi. Weye ulikuwa unafanya namna gani?"

Nilikuwa nimeshika randa. Niliiweka chini taratibu, nikafuta mikono, nikamletea kigoda. Nikamwambia: tabaka tatu za matete, tangu siku ya kuota mpaka asubuhi ya kupanda. Usifungue hata siku moja. Akaandika. Akanishukuru. Akaniachia sukari kilo moja, na sukari ile tuliinywa, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Nikuambie kitu ambacho hakuna atakayekuambia huko uendako. Watu watasema kisasi ni kichungu. Waongo. Mwaka ule nilikuwa napanda baiskeli mpaka Kibenga kila wiki, nachungulia kwenye uzio, naona mikeka mitatu imelala juu ya kila tuta na chini yake miche inapanda kama ina wazimu. Nilirudi nyumbani naimba. Mama yako alidhani nimepata kazi ya serikali. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na sitakudanganya kwamba najuta kuionja.

Kosa langu ni moja. Sikuuliza atapanda wapi.

Siku uliporudi nyumbani na udongo mpaka kwenye nyusi, ukasema, "Baba, tumepewa miti! Kila mutu na mustari wake. Mustari wangu ni ule wa juu kabisa!", nilikuwa nakula. Nikauliza miti gani. Ukaniambia mirefu, mizuri, inakufika magotini. Walikuwa wamekuja na magari kupanda mlima mzima juu ya Gihosha, ule uliokatwa kuni mpaka ukabaki uchi, na walichagua mwisho wa mvua kwa sababu wageni wao walikuwa wanakuja wiki ile. Kina mama wa kilimani walichimba mashimo, mama yako akiwa mmoja wao, na watoto wakapewa kumwagilia. Nikapanda nawe kuangalia. Kulikuwa na miche ya libuyu mpaka macho yanapoishia, juani, haijawahi kuonja jua. Nikaushika mmoja chini. Njiti ya kiberiti.

Hapo, Zuhura. Hapo ningeweza kusema. Dawa ilikuwepo na haikuwa ngumu: majani mawili ya mgomba kwa kila mche, yamechomekwa upande wa jua la mchana, yanaachwa yakauke polepole na kuruhusu mwanga kila siku zaidi kidogo. Migomba imejaa Gihosha. Kina mama wangeimaliza kazi kwa siku mbili. Lakini wageni walikuwa hawajaondoka, na mimi nilitaka waje tena waone mlima umekufa, wamtazame Agronomu machoni. Nilitaka na yeye afutwe mbele ya watu. Kwa hiyo nilinyamaza, nikashuka.

Ulikuwa unapanda mlima ule kabla ya shule na baada ya shule, na dumu kichwani. Wiki ya pili ukanijia.

"Baba, majani yanageuka meupe. Nifanye nini?"

"Ongeza maji," nikakuambia.

Ukaongeza. Ulikuwa unapanda mara tatu kwa siku. Yale meupe yakawa ya kahawia, yakawa karatasi. Mstari wako ulikuwa wa mwisho kufa, ulikuwa umeushikilia kwa shingo yako. Siku mti wa mwisho ulipokauka ulikuja ukasimama mbele yangu, hujalia bado, ukauliza, "Baba, ni miye?"

Nimeyarudia maneno yangu ya siku ile mara nyingi kuliko Fatiha. Nilikuambia, "Labda ulimwagilia mchana, mama. Maji ya mchana yanaunguza."

Nilikuita mama kwa sababu una jina la mama yangu. Kwa jina hilohilo nilikubebesha uongo ule.

Baada ya hapo hukugusa mmea. Lengalenga za mama yako, mchicha ule wa kwenye makopo, ulikuwa unazizunguka kama zitakufa ukizisogelea. Kijiti kikavu kimoja ulikitia kwenye daftari la jiografia na bado kipo, nimekiona juzi ukifunga mizigo. Ulipopata nafasi ya kusoma misitu huko Tanzania mtaa mzima ulifurahi, na mimi nilijidai kuliko wote. Nilijiambia, nimeipata: atarudi na shahada, atakalia kiti cha yule mwizi. Mwezi uliopita mama yako ndiye aliyeniambia ulichomwambia jikoni. Kwamba unakwenda ujue ulikosea wapi.

Ungedhani hapo ndipo nilipoamua kuandika. Bado. Nilikuwa na ujinga wangu mmoja uliobaki. Nilijiambia, haidhuru, angalau yule mtu alilipia.

Wiki iliyopita akaja. Amezeeka, ana mkongojo. Anataka mlango wa mbele, wa muvula. Nilichukua vipimo vya mlango wake nikiwa najisikia vizuri kweli, na nilipomaliza nikamwambia. Nilimwambia yote, polepole, tabaka kwa tabaka, nikimtazama uso ili nisipoteze hata kidogo. Nilikuwa nimeusubiri uso ule miaka.

Akacheka.

"Weye Hamisi! Unawaza mi sikujua? Mi nilisomea ile kazi. Mwezi wa tatu nilishika shina, nikaona ni bure. Lakini bachef balikuwa banapima urefu tu. Balikuja, balipiga mafoto, balienda. Mbele ya jua kuwaka, mi balishanipandisha grade, niko kwa biro ingine, ofisi ya juu. Ule mulima nani alirudi kuuangalia?"

Nilikuwa na patasi mkononi. Niliitazama, nikaiweka juu ya rafu, mbali.

Hakuna aliyerudi kuuangalia. Ni wewe tu. Mpango wangu wote, miaka yote ile, daftari, sukari, baiskeli, uliruka juu ya kichwa chake bila kumgusa unywele, ukaangukia mtoto mmoja mwenye dumu kichwani. Na siku ile getini nilimchukia kwa kunifuta mbele yako. Mimi nilikufanya nini? Yeye alisema hakunijua. Mimi nilikujua vizuri, nikasema ni wewe.

Sikuombi unisamehe. Mtu anayeomba msamaha usiku wa kuamkia safari anataka kulala vizuri tu, na mimi sistahili usingizi huo. Mimi mwenyewe sijamsamehe Agronomu, sitamsamehe, na akifa kabla yangu nitahudhuria mazishi nihakikishe. Mlango wake uko nyuma yangu hapa, ninauona ninapoandika. Nimeuunga kwa muvula mbichi. Nimeukwangua na kuupaka vanishi mpaka unang'aa, utausifu ukiuona. Mvua zikianza utapinda, hautafunga, na akiupeleka kwa fundi mwingine atamwambia hautengenezeki. Safari hii lakini nilipima kwanza. Niliuliza nani anaishi mle ndani. Anaishi peke yake.

Huko chuoni watakupa vyombo vya kupimia mwanga, na namba zake. Vizuri, vitumie. Lakini ukiingia kitalu chochote usiende kwenye tuta linalosifiwa. Piga magoti, shika shina chini, pale linapotoka udongoni. Ndivyo ulivyofanya wewe na miche ile, niliwahi kukuona, ulikuwa unaishika chini kama unayemshika mtoto kifundo cha mguu, hakuna aliyekufundisha. Mkono wako haukuwa na kosa. Ulikuwa mkono bora kuliko yote mlimani pale, na ndiyo maana mstari wako ulikuwa wa mwisho kufa.

Najua nilipaswa kukuambia mapema, kidogo mwaka ule, kidogo mwaka uliofuata, jinsi nilivyokuwa nafanya na miche yangu. Badala yake nimekufunika mpaka asubuhi ya kupanda na sasa nang'oa mikeka yote mitatu kwa mara moja. Hakuna ajuaye kosa hilo kuliko mimi. Sikuwa na siku nyingine.

Daftari la bluu liko chini ya nguo zako, upande wa kushoto wa begi. Ni lako. Ukurasa wa mwisho nimeandika mlima wa Gihosha, idadi ya mistari, sababu ya kufa, na jina langu.

Mama yako atakupa barua hii baada ya magharibi. Hajui yaliyomo. Kesho nitakuwa bandarini pamoja na watu wote, shangazi zako, majirani, walimu wa madrasa. Kama desturi, utapita kwa kila mmoja, utafika kwangu mwisho, nami nitakunyooshea mkono ili uubusu. Ukitaka kuuacha hewani, uache. Fanya hivyo mbele ya wote, unitazame usoni, na usiharakishe. Wakikuuliza huyu ni nani, unajua la kusema, ulilisikia getini ukiwa umenishika kidole.

Nimempima atakayeumia. Ni mimi peke yangu.

Baba yako,
Hamisi